Mwongozo kamili: jinsi ya kukagua kama vifurushi vya Python vitafanya kazi kwenye PyPy

Ukiwa na programu ya Python inayokula muda mwingi wa prosesa, PyPy inastahili kufikiriwa kwa dhati. Ni intapreta nyingine ya lugha ileile, yenye kompaila ya JIT inayotambua mizunguko inayorudiwa mara nyingi na kuigeuza kuwa msimbo wa mashine huku programu ikiendelea kukimbia. Msimbo ulioandika mwenyewe kwa Python tupu kwa kawaida huhamia bila shida. Kazi iko kwenye vifurushi vya watu wengine. Programu ya kawaida huvuta makumi ya vifurushi, vingine hujawahi hata kuvisikia kwa sababu vimeburutwa na wenzao, na kimoja tu kikigoma programu nzima haiwaki.

Mwongozo huu unaanza na ukaguzi usiogharimu kitu na kwenda hadi ule unaohitaji muda. Jambo moja nalisisitiza tangu sasa: pip, chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python, ikimaliza kusakinisha bila kulalamika, umejibu swali moja tu kati ya matatu. La kwanza ni kama kifurushi kinasakinishika. La pili ni kama kinatoa majibu yaleyale. La tatu, ambalo watu wengi hulisahau, ni kama kinakimbia haraka kuliko kilivyokuwa, maana bila hilo hakuna sababu ya kuhama.

Kwa nini baadhi ya vifurushi hugoma

CPython, yaani Python ambayo wengi wetu huipakua, imeandikwa kwa C. Kila kitu ndani yake kina kihesabu cha marejeleo (namba ya sehemu zinazokitumia; ikifika sifuri kitu kinafutwa), na watengenezaji wa vifurushi wamezoea kuandika sehemu nzito kwa C, Cython au Rust ili ziguse vitu hivyo moja kwa moja. PyPy imeandikwa kwa RPython, ambayo ni Python iliyowekewa mipaka, na vitu vyake havina kihesabu hicho. Mfumo wake wa kusafisha kumbukumbu unaweza hata kuvihamisha kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine.

Ili viendelezi vya C (moduli zilizokompailiwa) viweze kuishi humo, PyPy ina tabaka linaloitwa cpyext ambalo huiga API ya C ya CPython, yaani seti ya kazi ambazo msimbo wa C huziita ili kuongea na intapreta. Kila kitu kinachovuka kwenda upande wa C hutengenezewa mwenzake mwenye kihesabu, na PyPy inabaki na kazi ya kuwaweka sawa wote wawili. Hiyo ndiyo maana kiendelezi kinaweza kufanya kazi vizuri kabisa na bado kikawa kizito.

Matatizo karibu yote utakayokutana nayo yanatoka kwenye chemchemi mbili: kifurushi kinagusa API ya C, au kinadhani kumbukumbu itasafishwa papo hapo kama inavyofanyika kwenye CPython. Ukilishika hilo, ukaguzi uliobaki unakuwa na mwelekeo.

Hatua ya 1: Linganisha matoleo kwanza

```
pypy3 --version
```

Jibu lina namba mbili. Kwa mfano PyPy 7.3.17 huja na Python 3.10.14. Namba ya Python ndiyo inayosema kifurushi kinaruhusiwa au la, kwa kuwa vifurushi vingi hutaja kwenye `Requires-Python` toleo la chini vinalokubali. PyPy hufuata matoleo mapya ya lugha kwa kuchelewa, hivyo mara nyingi kinachokuzuia si PyPy yenyewe. Kifurushi kimeacha tu kuhudumia Python ya zamani, na dawa ni kuchukua toleo lake la nyuma kidogo.

Weka pia CPython ya toleo lilelile la lugha kwenye mashine hiyo. Utaihitaji kama kipimo. Kosa likitokea kwenye zote mbili, usiilaumu PyPy.

Hatua ya 2: Tafuta viendelezi kwenye mazingira uliyonayo

Kabla hujasakinisha chochote, nenda kwenye mazingira pepe ya CPython ambako programu yako inafanya kazi leo, kisha uorodheshe mafaili yaliyokompailiwa:

```
find .venv/lib -name "*.so"
```

Kwenye Windows tafuta mafaili yanayoishia na `.pyd`. Kifurushi ambacho hakina hata faili moja la namna hiyo ni Python tupu, na kwa sehemu kubwa unaweza kukiweka upande wa vilivyo salama. Vilivyobaki ndivyo orodha yako ya kazi, nayo kwa kawaida ni fupi kuliko watu wanavyohofia.

Soma majina yenyewe. Ukiona faili linaitwa `_speedups` na kifurushi ni MarkupSafe, ujue hicho ni kichapuzi tu: MarkupSafe ina `_native`, iliyoandikwa kwa Python, na huishia kuitumia ikiwa ile ya C haipo. PyYAML na msgpack nazo zina njia ya Python tupu. Hivi ni tofauti kabisa na kifurushi ambacho kiini chake chote kiko kwenye C.

Hatua ya 3: Soma majina ya mafaili ya .whl

Hapa ndipo ninapopendekeza utumie muda, kwa sababu jina la faili linakuambia mengi kabla ya kupakua hata baiti moja. Fungua ukurasa wa kifurushi kwenye PyPI, ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python, nenda kwenye orodha ya mafaili (`.whl` ni kifurushi kilicho tayari kusakinishwa, `.tar.gz` ni msimbo wa chanzo), na uangalie mwisho wa majina:

```
kifurushi-2.1.0-py3-none-any.whl
kifurushi-2.1.0-cp310-cp310-manylinux_2_17_x86_64.whl
kifurushi-2.1.0-cp38-abi3-manylinux_2_17_x86_64.whl
kifurushi-2.1.0-pp310-pypy310_pp73-manylinux_2_17_x86_64.whl
kifurushi-2.1.0.tar.gz
```

Sehemu tatu za mwisho kabla ya `.whl` ni intapreta, ABI (jinsi msimbo uliokompailiwa unavyoungana na intapreta) na mfumo wa kompyuta. `py3-none-any` inamaanisha Python 3 yoyote, bila kutegemea ABI, kwenye mfumo wowote, kwa hiyo PyPy italikubali. `cp310` ni CPython 3.10 na kwa PyPy halina kazi. `abi3` huwachanganya wengi kwa sababu inaitwa ABI thabiti, lakini uthabiti huo ni kati ya matoleo ya CPython yenyewe. PyPy haiwezi kulitumia.

Mstari wenye `pp310-pypy310_pp73` ndio unaoutafuta: PyPy inayotekeleza Python 3.10, kwa ABI ya mfululizo wa 7.3. Ukiuona, watunzaji wa kifurushi wamejenga kwa ajili ya PyPy kwa makusudi, na uwezekano mkubwa wanajaribu pia. Angalia namba zake vizuri. Faili la `pp39` halitakusaidia ukiwa na PyPy ya Python 3.10.

Vifurushi vingine, kama black na charset-normalizer, hutoa mafaili ya `cp` na la `py3-none-any` kwa pamoja. Kwa CPython pip huchagua lililokompailiwa, kwa PyPy huchagua lile tupu. Kwa hiyo usikikatae kifurushi eti kwa sababu kilionekana kwenye hatua ya 2. Hakikisha kwanza hapa.

Ukiwa na orodha ndefu, iachie terminali kazi hiyo. Toa orodha kamili kutoka CPython, pamoja na vitegemezi vya vitegemezi:

```
python -m pip freeze > orodha.txt
```

Halafu iulize PyPy kuhusu kimoja kimoja, ukiikataza kujenga chochote:

```
pypy3 -m ensurepip
while read -r mstari; do
  pypy3 -m pip download --no-deps --only-binary=:all: \
    -q -d kagua "$mstari" || echo "$mstari" >> haina.txt
done < orodha.txt
```

Vilivyoingia kwenye `haina.txt` havina faili lililo tayari kwa PyPy yako. Hiyo haina maana kwamba havitafanya kazi. Huenda toleo uliloganda nalo ndilo halina faili, au mtunzaji huchapisha `.tar.gz` peke yake.

Hatua ya 4: Chungulia ndani ya msimbo wa chanzo

Kwa kila jina lililo kwenye `haina.txt`, pakua `.tar.gz`, ifungue, na utafute alama hizi: mafaili ya `.c`, `.pyx` au `.rs`, neno `ext_modules` ndani ya `setup.py`, `Cargo.toml`, au `maturin` na `meson-python` kwenye `pyproject.toml`. Hakuna hata moja? Ni Python tupu, kitajengwa bila shida. Zipo? Tafuta wenyewe wanasemaje kuhusu PyPy:

```
grep -rniE "pypy|python_implementation" .
```

Amri hii naipenda kuliko kusoma maelezo ya kifurushi. Maelezo hupitwa na wakati. Msimbo unaoamua "kama ni PyPy, usikompaili" au jaribio lililowekewa alama ya kurukwa kwenye PyPy vinaonyesha mtunzaji alikutana na nini hasa. Angalia pia mipangilio ya majaribio ya kiotomatiki. PyPy ikiwa imeorodheshwa humo, kila badiliko linapimwa. Kwenye PyPI kuna lebo ya `Programming Language :: Python :: Implementation :: PyPy`, ila hiyo huandikwa kwa mkono na hakuna kinachoihakiki, kwa hiyo ichukulie kama ahadi tu.

Lugha iliyotumika nayo inasaidia kukisia. Vifurushi vilivyojengwa kwa cffi, maktaba ya kuita msimbo wa C kutoka Python, vina nafasi nzuri kuliko vyote, kwa kuwa cffi huja ndani ya PyPy na kompaila ya JIT inaielewa. Cython na PyO3, inayounganisha Rust, zote zina msaada kwa PyPy, ingawa hupitia cpyext. C iliyoandikwa kwa mkono ndiyo ya kutiliwa shaka, hasa ikigusa viungo vya ndani vya CPython. Na vipo visivyowezekana kabisa: numba, inayokompaili kazi za Python, husoma baitikodi ya CPython (maelekezo ya ndani ya intapreta) na haihudumii intapreta nyingine, na orjson, ya kusoma na kuandika JSON, imetamka wazi kwamba haitaihudumia PyPy.

Hatua ya 5: Sakinisha, kisha leta kila moduli

Tengeneza mazingira pepe mapya. Usichanganye na yale ya CPython.

```
pypy3 -m venv mazingira-pypy
source mazingira-pypy/bin/activate
python -m pip install -r orodha.txt
```

Kwa vile vinavyojengwa kutoka chanzo utahitaji kompaila ya C na mafaili ya vichwa ya maktaba husika. Ukiona kosa linalosema kichwa fulani hakipo, hilo ni tatizo la mfumo wako, malizana nalo kwanza. Ukiona jina la kazi (function) linaloanza na `_Py`, yaani lenye mstari wa chini mbele, umefika penyewe: kifurushi kinaita kitu cha siri cha CPython.

Kuandika `import kifurushi` hakutoshi, kwani moduli nyingi ndogo haziguswi mpaka uziite. Pitia zote:

```python
import importlib, pkgutil, sys

jina = sys.argv[1]
mzizi = importlib.import_module(jina)
for m in pkgutil.walk_packages(
        getattr(mzizi, "__path__", []), jina + ".",
        onerror=lambda n: print("IMEGOMA", n)):
    try:
        importlib.import_module(m.name)
    except Exception as kosa:
        print("IMEGOMA", m.name, type(kosa).__name__, kosa)
```

Moduli kadhaa zitagoma kwa sababu zinadai kitegemezi cha hiari, na hizo zitagoma kwenye CPython pia. Linganisha. Kosa la `undefined symbol` likifuatwa na jina la kazi ya API ya C maana yake cpyext haina kazi hiyo. `AttributeError` inayotaja `sys.getrefcount` maana yake msimbo unategemea kihesabu ambacho PyPy haina. `sys.getsizeof` nayo hutoa `TypeError`, na hujificha kwenye vifurushi vya kupima matumizi ya kumbukumbu.

Kagua vilevile kilichopotea kimyakimya. Kwa PyYAML:

```
python -c "import yaml; print(yaml.__with_libyaml__)"
```

`False` inamaanisha uko kwenye njia ya Python tupu. Hilo si baya. Mara nyingi JIT huifanya njia hiyo kuwa na kasi nzuri, lakini unahitaji kujua uko njia ipi kabla hujaanza kupima.

Hatua ya 6: Endesha majaribio ya kifurushi chenyewe

Chukua msimbo wa chanzo wa toleo lilelile ulilosakinisha, kisha:

```
python -m pytest -rs
```

`-rs` huonyesha majaribio yaliyorukwa na sababu zake. Usiipite orodha hiyo haraka. Majaribio mia moja yaliyopita na ishirini yaliyorukwa kwa sababu ya PyPy si ushindi kamili, hasa kama hayo ishirini yanahusu kazi unayoitumia kila siku. Endesha pia kwenye CPython na utazame tofauti tu.

Programu ikizimika ghafla bila ujumbe wa kosa, rudia kwa `-X faulthandler` upate kuona ilikuwa mstari gani. Kuzimika kwa namna hiyo karibu daima hutoka kwenye kiendelezi cha C kilichohesabu marejeleo vibaya. Wakati mwingine kosa hilo lipo hata kwenye CPython ila halijawahi kujitokeza, na mtunzaji atakushukuru ukimpelekea taarifa.

Hatua ya 7: Winda dhana potofu kuhusu kumbukumbu

Hatua hii inahusu hata vifurushi vya Python tupu, na ndiyo inayowaumiza walioamini kwamba wamemaliza. Tazama kazi hii:

```python
def soma(njia):
    return open(njia).read()
```

Kwenye CPython, faili hufungwa mara tu kazi inaporudi, kwa sababu kihesabu kimefika sifuri. Kwenye PyPy linabaki wazi mpaka mfumo wa kusafisha kumbukumbu upite. Ukiisoma folda yenye maelfu ya mafaili, utapata `OSError: [Errno 24] Too many open files`, na itatokea wakati wa kazi halisi, wala si kwenye jaribio dogo la mezani. Kuandika ni hatari zaidi: `open(njia, "w").write(data)` kisha ukasoma faili hilohilo, unaweza kulikuta tupu. Dawa ni `with`, mahali pote.

PyPy ina chombo cha kuwakamata wahusika:

```
python -X track-resources -m pytest -s
```

Kila faili au soketi inayofungwa na usafishaji badala ya msimbo itatolewa onyo, pamoja na mahali ilipofunguliwa. Ukiona mistari ya kifurushi cha mtu, una ushahidi wa kumpelekea.

Ndugu wa tatizo hili ni marejeleo dhaifu (yasiyozuia kitu kufutwa) na `__del__` (inayoitwa kitu kinapofutwa):

```python
import gc, weakref

class Kitu:
    pass

k = Kitu()
r = weakref.ref(k)
del k
print(r())      # CPython: None. PyPy: huenda bado kipo
gc.collect()
print(r())
```

Kifurushi kinachotumia `WeakValueDictionary` kama akiba ya muda, au kinachorudisha muunganisho wa hifadhidata kwa kutegemea `__del__`, kitafanya hivyo kwa kuchelewa. Majaribio mengi hutengenezeka kwa kuongeza `gc.collect()`, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Katika msimbo wa uzalishaji usiende njia hiyo. Tafuta `close()` au `with` ya kifurushi husika.

Hatua ya 8: Pima kasi kwa kazi yako mwenyewe

JIT inahitaji kupata moto. Kipimo cha sekunde moja kitakuonyesha PyPy ikiwa nzito, na si kipimo cha haki. Usitumie `timeit` pia. PyPy yenyewe huchapisha onyo kwamba chombo hicho hakiaminiki na kukuelekeza kwenye `pyperf`. Chukua kazi halisi ya programu yako, iache ikimbie dakika kadhaa, na pima muda pamoja na kumbukumbu, kwa sababu PyPy mara nyingi hutumia kumbukumbu zaidi.

Kama imekuwa nzito, jiulize ni mara ngapi unavuka mpaka wa cpyext. NumPy ni mfano mzuri. Kuzidisha matrisi kubwa mara moja ni mvuko mmoja, gharama haionekani. Kupitia safu elementi moja moja ndani ya kitanzi cha Python ni mivuko mamilioni, na hapo PyPy inaweza kushindwa vibaya na CPython. Data hiyohiyo ukiiweka kwenye `list` ya kawaida, JIT huishughulikia vizuri. Jingine la kuangalia ni mifuatano ya herufi inayojengwa kwa `+=` ndani ya kitanzi. CPython ina ujanja wa ndani unaopunguza gharama hiyo, PyPy haina, kwa hiyo kusanya vipande kwenye orodha na uviunganishe kwa `"".join()`.

Hatua ya 9: Badilisha vilivyogoma

Kwa PostgreSQL, `psycopg2` ina mbadala wa `psycopg2cffi`, na `psycopg` ya kizazi cha 3 hufanya kazi bila sehemu yake ya C. Kwa orjson, rudi kwenye `json` ya maktaba sanifu, ambayo PyPy imeishughulikia vizuri, lakini kumbuka `orjson.dumps` hurudisha `bytes` na `json.dumps` hurudisha `str`. Greenlet, kifurushi cha nyuzi nyepesi, iko ndani ya PyPy tayari.

Ukitaka programu moja iendeshwe na intapreta zote mbili, weka masharti kwenye orodha ya vitegemezi:

```
orjson; platform_python_implementation == "CPython"
psycopg2; platform_python_implementation == "CPython"
psycopg2cffi; platform_python_implementation == "PyPy"
```

Kifurushi kisicho na mbadala, kama numba, kiache kwenye CPython ndani ya mchakato wake, na PyPy iwasiliane nacho kwa foleni au soketi. Ikiwa kazi yote nzito ya programu iko humo, baki na CPython. Huo ni uamuzi halali wa kiufundi, na umeufikia kwa vipimo.

Hatua ya 10: Linda ulichokipata

Ongeza PyPy kwenye majaribio yako ya kiotomatiki. Kwenye GitHub Actions, `setup-python` hukubali `pypy-3.10` kama toleo. Gandisha matoleo katika mafaili mawili tofauti, moja la kila intapreta, kwa kuwa pip inaweza kuchagua matoleo yasiyofanana. Siku utakapohamia PyPy ya Python 3.11, lebo inayotafutwa inakuwa `pp311-pypy311_pp73`, na mafaili ya `pp310` uliyoyahifadhi hayatakubaliwa. Rudia kuanzia hatua ya 3, ukitumia `haina.txt` ya zamani kulinganisha.